UZI: Grafu imevaa nini, na gorogoro yake iko sawa? 🧵

1/ Kila mjadala wa siasa ukipamba moto humu mtandaoni, matusi yakiisha hufuata grafu. Mmoja anaposti pau zinazopaa hadi dari, mwingine anamjibu na mstari unaoanguka kama jiwe, na wote wawili wanaapa kwamba data ni rasmi. Mara nyingi ni rasmi kweli, tena ni data ile ile. Kilichobadilika ni jinsi ilivyochorwa. Wacha nieleze hapo polepole, bila kutaja mwanasiasa wala chama. Tafuta chai, uzi ni mrefu.

2/ Mimi nasoma sayansi ya siasa, na kwa somo letu la takwimu tunatumia R, hasa kifurushi chake cha kuchora kinachoitwa ggplot2. Wengine wenu mmezoea Stata ama SPSS, na karibu kila mtu ana Excel. Zote zina tabia moja: ukizipa data bila maelekezo zaidi, zinakuchorea kwa mtindo wao wa kawaida. Mtindo huo kuna mtu aliketi akauchagua. Haukushuka na mvua.

3/ ggplot2, kwa mfano, hukupa rangi ya kijivu nyuma na mistari myeupe ya gridi. Mtindo huo unaitwa theme_grey. Stata nayo kwa miaka mingi ilikuwa na ile fremu ya samawati hafifu kuzunguka grafu. Ukisoma ripoti za mashirika umeiona mara nyingi. Toleo la 18 lilipotoka mwaka wa 2023, waliiacha wakahamia nyeupe. Mtu aliyezoea anajua grafu imetoka programu gani hata kabla ya kusoma kichwa chake.

4/ Kubadilisha mtindo ni kazi ya mstari mmoja. Kwa R unaongeza theme_minimal na kijivu kinaondoka. theme_classic inaondoa gridi yote na kukuachia mihimili miwili tu, kama ile tuliyochora shuleni kwa rula. Kwa Stata unaandika set scheme s1mono na kila kitu kinakuwa nyeusi na nyeupe. Ukiongeza neno permanently, hata kesho ukiwasha kompyuta utaikuta hivyo. Kwa Excel unabonyeza tu.

5/ Sasa swali ambalo watu huuliza kwa hasira: mtu akibadilisha mtindo wa grafu, si amechakachua data? Hapana. Hapa ndipo wengi tunachanganya mambo mawili, na nataka tuyatenganishe leo.

6/ Fikiria mama mboga pale sokoni. Anaweza kupaka kibanda rangi, akapanga nyanya vizuri, akawasha taa. Hiyo ni haki yake, na inakusaidia hata wewe kuona unachonunua. Lakini gorogoro yake ikiwa imebonyezwa chini, hiyo ni hadithi nyingine. Unalipa gorogoro nzima na unabeba pungufu, hata kama kibanda kinapendeza.

7/ Grafu ni vivyo hivyo. Kuna kibanda: rangi ya nyuma, fonti, unene wa mistari, mahali pa kuweka maelezo. Na kuna gorogoro: mhimili unaanza wapi, unaishia wapi, miaka gani imeingia, rangi ipi inasimama badala ya namba ipi. ggplot2 yenyewe imevitenga. Amri za theme zinashughulikia kibanda. Amri za scale na coord ndizo zinazoshika gorogoro. Mwenye kutaka kupotosha kwa kipimo lazima apitie hizi za pili.

8/ Mfano wa kwanza, kutoka IEBC. Wapiga kura waliosajiliwa: mwaka 2013 walikuwa kama milioni 14.4. Mwaka 2017, milioni 19.6. Mwaka 2022, milioni 22.1. Kutoka 2017 hadi 2022 hilo ni ongezeko la kama asilimia 13. Si haba, lakini si muujiza.

9/ Sasa chora pau mbili tu, ya 2017 na ya 2022, halafu anzisha mhimili kwa milioni 19 badala ya sifuri. Pau ya 2017 inabaki na urefu wa milioni 0.6. Ile ya 2022 inapata milioni 3.1. Kwa jicho, pau ya pili ni ndefu mara tano. Namba zote zilizoandikwa pale ni za kweli. Hakuna uongo hata mmoja ulioandikwa, lakini aliyeitazama kwa sekunde tatu akiwa kwa matatu anaondoka akijua usajili uliongezeka mara tano.

10/ Kwa nini hili ni kosa kwa pau? Kwa sababu pau husomwa kwa urefu wake wote, kutoka chini hadi juu. Ukikata miguu ya watu wawili kwa kiasi kile kile, aliyekuwa mrefu kidogo ataonekana jitu. Ndiyo maana sheria ya pau ni moja, haina mjadala: zianze kwa sifuri.

11/ Kitu kizuri: ggplot2 inakulazimisha ukose makusudi. Pau zake huanza sifuri zenyewe. Ukijaribu kuweka mipaka ya mhimili kuanzia 19 kwa njia ya kawaida ya scale, pau zinatoweka kabisa na unapewa onyo. Ili uzikate lazima uende kwa coord_cartesian. Yaani mtu akikuletea pau zilizokatwa za ggplot2, jua alitafuta njia.

12/ Excel ni tofauti. Ukiiachia kazi, inaangalia tofauti kati ya namba kubwa na namba ndogo. Tofauti ikiwa chini ya kama sehemu moja ya sita ya ile kubwa, inaanzisha mhimili juu ya sifuri bila kukuuliza. Kwa 19.6 na 22.1, tofauti ni kama sehemu moja ya tisa. Kwa hivyo itakata. Maana yake, kabla hujamwita mtu mwongo, kumbuka anaweza kuwa aliamini mashine tu. Mwambie arekebishe. Akikataa, hapo sasa sema.

13/ Mstari si pau. Tuchukue idadi ya waliojitokeza kupiga kura: 2013 karibu asilimia 86, Agosti 2017 karibu asilimia 80, 2022 karibu asilimia 65. Ukichora mstari kwa mhimili wa 60 hadi 90, utaanguka karibu na sakafu. Ukichora 0 hadi 100, utateremka kama barabara ya kilima kidogo. Zote mbili zinakubalika, kwa sababu mstari unasomwa kwa mwelekeo wake. Masharti ni mawili: namba za mhimili zionekane, na kila nukta iandikwe thamani yake.

14/ Halafu angalia uchawi wa kuziweka pamoja. Upande mmoja unaposti pau za usajili: "Demokrasia inakua!" Upande wa pili unaposti mstari wa waliojitokeza: "Wananchi wamechoka!" Kila mmoja ana nusu ya picha. Ukitafuta idadi ya watu waliopiga kura hasa, ilishuka kutoka kama milioni 15.6 mwaka 2017 hadi kama milioni 14.3 mwaka 2022, wakati sajili inapanda. Grafu ambayo ingetusaidia sote ni ile yenye pau mbili kila mwaka: waliosajiliwa na waliopiga kura. Pengo katikati ndilo habari.

15/ Mfano wa pili: shilingi na dola. Hii ndiyo vita ya kila siku. Namba kwa ufupi: mwaka 2013 dola ilikuwa kama shilingi 86. Septemba 2022, kama 120. Januari 2024, kama 160. Tangu nusu ya pili ya 2024 imekuwa ikizunguka 129.

16/ Anza grafu yako 2013, ifike 129: shilingi imeporomoka. Anza Septemba 2022: imedhoofika kidogo. Anza Januari 2024: imefufuka kishujaa. Nionyeshe tu mwaka wa kuanzia na nitakuambia mchoraji anamshabikia nani. Hapa hata rangi haijaguswa. Kilichochaguliwa ni dirisha la kuchungulia.

17/ Na kuna mtego mwingine hapo hapo. Mstari huo unaonyesha shilingi ngapi zinanunua dola moja. Ukipanda, shilingi imedhoofika. Ukishuka, imepata nguvu. Nimeona watu wakishangilia mstari unaopanda kwa sababu kichwani kupanda ni kuzuri. Grafu ya heshima inaandika juu kabisa: "Mstari ukipanda, shilingi imedhoofika." Maneno manne, ubishi wa siku mbili umeisha.

18/ Halafu kuna kukuza. Kwa kuwa shilingi imetulia karibu na 129, mtu anaweza kuchukua wiki mbili, akaweka mhimili wa 129.0 hadi 129.6, na mtikisiko wa senti kumi ukageuka Mlima Kenya. Ukiona milima mikali, soma namba za pembeni kwanza kabla hujaanza kupanda.

19/ Vipimo vya picha pia ni sehemu ya gorogoro. Kwa R unaamua upana na urefu unapohifadhi kwa ggsave. Kwa Stata ni xsize na ysize. Ibane picha iwe nyembamba na ndefu, mteremko unakuwa ukuta. Ivute iwe pana, ukuta unakuwa uwanja. Simu zetu zinapenda picha ndefu, kwa hivyo humu kila kitu kinaonekana cha dharura kuliko kilivyo.

20/ Rangi. Kwa nchi hii rangi ina chama. Sitazitaja, mnazijua. Ukichora pau ya rangi fulani, nusu ya wasomaji wameshaona mkutano wa hadhara kabla ya kuona namba. Na kuna wanaochora namba mbaya kwa rangi ya mpinzani makusudi. Kama hoja yako si ya vyama, chagua rangi isiyo na wenyewe, zambarau iliyokolea ama kijivu, halafu utie rangi moja kali pale tu unapotaka watu waangalie.

21/ Rangi za kawaida za ggplot2 zina shida yao. Kwa makundi matatu inakupa wekundu wa samoni, kijani na samawati. Kuna watu, wengi wao wanaume, ambao macho yao hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Tena rangi hizo zimechaguliwa ziwe na mwangaza sawa, kwa hivyo ukipeleka ripoti kwa saiba wakatoa fotokopi, zote zinatoka kijivu kile kile. Fikiria stakabadhi ya kikao cha maoni ya umma kwa kaunti yako, imechapwa nyeusi na nyeupe, na huwezi kujua pau ipi ni ya afya na ipi ni ya barabara. Unatoa maoni kuhusu nini sasa?

22/ Hapo kubadilisha mtindo si urembo, ni haki ya msomaji. Kuna safu ya rangi inaitwa viridis, kutoka zambarau iliyokoza hadi manjano. Inabaki kusomeka hata kwa fotokopi na kwa asiyeona tofauti ya nyekundu na kijani. Matplotlib ya Python iliifanya ya kawaida mwaka 2017, na kwa ggplot2 unaiita kwa scale_fill_viridis_c. Bure kabisa.

23/ Ramani za kaunti. Sensa ya 2019 ilihesabu watu karibu milioni 4.4 Nairobi na kama 460,000 Marsabit. Lakini kwa ardhi, Marsabit ni kubwa kuliko Nairobi kama mara mia moja. Ukipaka kaunti rangi kulingana na mshindi, Nairobi inakuwa nukta na Marsabit inajaza macho. Mtu anatazama ramani anasema, "Tazama nchi yote ni yetu!" Ndugu, mchanga na mawe hayana kitambulisho. Badala ya kupaka ardhi, chora duara kwa kila kaunti, ukubwa wake ufuate idadi ya wapiga kura.

24/ Mihimili miwili kwa grafu moja. Deni kushoto, bei ya unga kulia, mistari inapanda sambamba kama mapacha, na hitimisho limeshaandikwa kwa kichwa. Ukiwa na mihimili miwili unaweza kufanya mistari yoyote miwili ishikane mikono, kwa sababu wewe ndiye unachagua kila mmoja uanze na kuishia wapi. ggplot2 hukubali mhimili wa pili ikiwa tu utaandika mwenyewe jinsi unavyotokana na ule wa kwanza. Ukiona grafu kama hiyo, iombe igawanywe iwe mbili, moja juu ya nyingine.

25/ Zile chati za mduara zenye kina, zilizolazwa kama chapati mezani: kipande kilicho karibu nawe huonekana kikubwa kuliko kilicho mbali, hata vikiwa sawa. Mchoraji mjanja anaweka cha kwake mbele. Zikiwa na vipande zaidi ya vitatu ama vinne, pau za kawaida zinamtosha kila mtu.

26/ Nilisema kibanda hakina hatia. Kuna jambo moja la kuongeza. Kibanda kinaweza kuficha gorogoro. theme_void inaondoa mihimili, namba na gridi, inabaki michoro mitupu. Ni safi sana kwa ramani. Kwa pau za bajeti, ni kuzima taa dukani. Kwa hivyo "imechorwa kwa mtindo wa kisasa" si jibu. Usafi ukiondoa namba, huo si usafi.

27/ Kwa nini nimeandika yote haya? IEBC yenyewe ilipotoa sajili ya 2022, vijana walikuwa kama milioni 8.8, kama asilimia 40 ya wote, na idadi yao ilikuwa imepungua kwa kama asilimia 5 ikilinganishwa na 2017. Sajili nzima inapanda, vijana wanashuka. Ukichora pau moja ya jumla, sisi hatuonekani kabisa. Tumejificha ndani ya pau inayopanda. Na 2027 haiko mbali.

28/ Kwa hivyo ukitumiwa grafu kwa WhatsApp ama uikute hapa, uliza haya kabla ya kusambaza:
• Pau zinaanza sifuri?
• Miaka imeanza wapi, na kwa nini hapo?
• Kupanda kunamaanisha nini, kuzuri ama kubaya?
• Ni mhimili mmoja ama miwili?
• Ni idadi ya watu, asilimia, ama ukubwa wa ardhi?
• Namba ziko? Chanzo kimeandikwa?

29/ Na kama wewe ndiye mchoraji, fanya haya: andika chanzo na tarehe chini ya picha, weka thamani juu ya kila pau, tumia rangi zisizo na chama, na ukikata mhimili wa mstari useme umekata. Ukiweza, weka na jedwali la namba kwa jibu la kwanza. Mtu mwenye data nzuri haogopi kuonyesha jedwali.

30/ Namba nyingi za mijadala yetu ziko wazi. KNBS hutoa Economic Survey kila mwaka, Benki Kuu huweka viwango vya kubadilisha fedha, IEBC ina za uchaguzi. Na kisichowekwa wazi na serikali unaweza kukiomba: Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali. R ni ya bure, inaingia hata kwa laptopu ya zamani. Chukua namba, chora mwenyewe, halafu linganisha na ile uliyotumiwa.

31/ Wiki hii fanya zoezi moja. Tafuta grafu ya upande UNAOUPENDA, uipitishe kwa yale maswali sita, halafu uiweke hapa chini na majibu yako. Ya mpinzani ni rahisi, kila mtu anaona gorogoro ya jirani. Nitajibu kila moja, na zile zinazoweza kuchorwa upya nitazichora na kuweka msimbo wake hapa. 👇🏾